Maneno Kumi na Mawili ya Baba Watoto

Nyumbani kwetu Kisauni pesa hukaa mahali pengi: kwenye simu, benki, ndani ya kopo la maziwa ya unga la mama mkwe wangu, na tangu Baba Watoto aanze kuwachorea nembo wateja wa ng'ambo, hukaa pia hewani. "Hewani" ni kauli ya mkwe. Wateja hao hulipa kwa USDT, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, naye alikuwa akiiacha huko huko kwenye soko la sarafu, akiuza kidogo kidogo na kupokea shilingi kwa M-Pesa karo ikibisha hodi.

Novemba 2022 soko la FTX likaanguka. Sisi hatukuwa na hata senti huko, lakini Baba Watoto hakulala. Wateja wa soko lile walikuwa wanaiona pesa yao kwenye skrini na hawawezi kuitoa. Shemeji yangu wa Maskati, mshauri wa ukoo kwa kila kitu kinachotumia betri, akapiga simu: "Kaka, iliyoko sokoni si pesa, ni ahadi ya mtu. Tafuta pochi yako mwenyewe."

Ubishi wa pochi ukachukua muda mrefu kuliko ule wa kumpa jina kitindamimba wetu. Pochi ya kwenye simu ni bure, ila simu ya nyumba hii ina wenyewe wengi: mtoto anapakua michezo, jirani anaazima, na mtu akichungulia hapo kwenye feri ya Likoni, huna simu. Pochi ya kifaa ni kidude kidogo kinachotunza funguo za siri nje ya mtandao. Sarafu zenyewe hazimo ndani yake, zimeandikwa kwenye daftari kuu la mtandaoni. Kifaa kina ufunguo tu. Lakini kina bei, na si kitu cha kununua mkononi mwa mtu, maana aliyekifungua kabla yako huenda ameshajiachia ufunguo wa pili.

Mkwe, ambaye ni fundi cherehani, alisikiliza yote huku akitunga uzi. Akauliza moja tu: "Na ukifa?"

Swali zuri kuliko yote niliyosikia wiki ile. Gerald Cotten, mwenye soko la QuadrigaCX la Canada, alifariki India mwaka 2018, na kampuni ikasema nywila alikuwa nazo peke yake. Wachunguzi walipopekua wakakuta pochi nyingi zilikwisha kuwa tupu kabla hajafa. Baba Watoto akamjibu mama yake kwamba yeye hafi karibuni.

Kifaa kikaja. Siku ya kukiwasha, kilionyesha maneno 12 ya Kiingereza, moja baada ya jingine, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,048 inayoanza na abandon na kuishia zoo. Maneno hayo ndiyo pochi. Kifaa kikiibiwa au kikizama baharini, unanunua kingine, unayaingiza kwa mpangilio ule ule, na pesa yako iko pale pale. Mtu mwingine akiyapata, pesa ni yake.

Ndani ya boksi mlikuwa na kadi ya kuyaandikia, yenye namba 1 mpaka 12. Baba Watoto akaona kadi hiyo kila mwizi anaijua. Akachana ukurasa wa kalenda ya zamani ya duka la nafaka, akayaandika upande wa nyuma kwa safu mbili, bila namba, ati mwizi asijue pa kuanzia. Kisha akaipachika karatasi mahali alipoamini hapaguswi katika nyumba yetu: ndani ya kamusi ya Kiingereza.

Gredi ya tatu wakapewa kazi ya nyumbani. Kata maneno ya Kiingereza kutoka karatasi kuukuu, yapange kwa kufuata alfabeti, yabandike daftarini. Mtoto wetu, Mungu amzidishie akili, akaenda kutafuta maneno kwenye kamusi.

Daftari lilirudi na alama ya vema kwa wino mwekundu. Yamekatwa vizuri, yamebandikwa kwa gundi ya kutosha kushikia kiatu, na yamepangwa kwa alfabeti bila kosa. Baba mtu alipoyaona, alikaa chini kwanza. Mwalimu kayaona. Darasa zima limeyaona. Akakimbilia kifaa ili azihamishe sarafu upesi, mikono inatetemeka, akabonyeza namba ya siri. Siyo. Akabonyeza ya zamani. Siyo. Akajaribu mwaka wa harusi yetu, na hapo nilijua tumekwisha. Kifaa chetu kile, ukikosea mara tatu, hujifuta chenyewe.

Sasa tulikuwa na maneno yote 12 na hatukuwa na pochi, kwa sababu mpangilio umepotea. Shemeji akapiga hesabu kwa simu: maneno 12 hupangika kwa namna 479,001,600. Moja tu kati ya kila 16 hukubalika, hivyo zinabaki karibu milioni 30. Kwa mtu na kalamu hiyo ni kazi ya maisha; kwa kompyuta si nyingi. Hilo lilitupa moyo, kisha likatutia hofu, maana kompyuta anaweza kuwa nayo yeyote aliyeliona daftari. Baba Watoto akaanza kuulizia mtandaoni, na chini ya saa moja "mafundi wa kurejesha pochi" walikuwa wanamwandikia kwa upole mkubwa, wakiomba awatumie hayo maneno. Shemeji akamkataza kwa ukali. Mafundi wa kweli wapo, lakini hao hawakufuati. Wanaokufuata ni wezi.

Mkwe akaomba daftari. Akalishikilia juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikalegea, akabandua vipande kimoja kimoja kwa ncha ya sindano na kuvigeuza. Nyuma yake kulikuwa na kalenda. Kipande kimoja kina nusu ya 14, kingine kina nusu yake ya pili. Kingine kina mguu wa 7. Akaviunganisha mezani mpaka mwezi mzima ukakaa sawa.

Baba Watoto akavigeuza kimoja kimoja pale pale vilipokuwa, akasoma, akaingiza maneno. Kifaa kikakataa. Mama yake akamtazama juu ya miwani. "Nguo ukiigeuza ndani nje, mkono wa kulia unakwenda wapi?" Safu ya kushoto ikahamia kulia, maneno yakaingizwa upya, na salio likatokea, mpaka senti.

Usiku ule ule pesa ikahamia pochi mpya yenye maneno mapya, kwa kuwa yale ya zamani yalikuwa siri ya darasa zima. Safari hii Baba Watoto aliazima mihuri ya herufi akayagonga mwenyewe kwenye bamba la chuma, pamoja na namba zake, majirani wakilalamika. Mkwe anajua lilipo, nami najua. Asubuhi baba mtu akamkatia mwanawe maneno mengine 12, ya gazetini, maana mwalimu alilitaka daftari likiwa kamili.

Nawe kama umeyaficha yako ndani ya kamusi, kayatoe leo, kabla shule haijatoa kazi ya nyumbani.