Mjomba na Filamu ya Kinyumenyume

Kwetu filamu haitazamwi tu, inasimuliwa. Anayechelewa huuliza, "Imefika wapi?" Naye mjomba, aliyekulia kwenye mabanda ya video, humjibu papo hapo: huyu stelingi, yule adui, na stelingi hafi. Utaratibu huo ulituvusha salama filamu za Kichina na za Kihindi, mpaka Memento ilipoingia sebuleni.

Memento ni kazi ya Christopher Nolan, ya mwaka 2000. Leonard, anayeigizwa na Guy Pearce, anamsaka aliyemuua mkewe, ila kichwa chake hakishiki jambo jipya zaidi ya dakika chache. Basi anapiga picha za Polaroid na kuziandikia maelezo. Yale mazito anajichora tatuu. Hadi hapo hakuna taabu. Taabu ni kwamba vipande vya rangi vinarudi nyuma, kila kimoja kikiishia pale kilichotangulia kilipoanzia, na katikati yake vimechomekwa vya rangi nyeusi na nyeupe vinavyokwenda mbele kama kawaida.

Filamu inafunguka kwa picha ya Polaroid inayofifia badala ya kutokea. Kisha bastola inaruka kutoka chini, inarudi mkononi.

"Diski imekwaruzwa," mjomba akatangaza. Akaitoa, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la msuli wake. Picha ikafifia tena. "Mmeuziwa feki."

Tukambembeleza. Shemeji akaingia, akauliza imefika wapi. Mjomba akafumbua mdomo, akaufumba. "Mwisho umeshapita," akasema hatimaye, "sasa tunasubiri mwanzo." Shemeji akadhani anafukuzwa kiustaarabu, akaaga.

Halafu luku ikaisha. Umeme uliporudi, diski ilianza upya, na sebule nzima ikagawanyika: hapa tulishapaona au bado? Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Aliyeifaidi ni shangazi, aliyekuwa akitoka na kuingia na sufuria ya maandazi. Kila akichungulia: "Huyu nani tena? Hapa wamefikaje?" Mjomba akamnyamazisha, wakati hayo ndiyo maswali ya Leonard mwenyewe, kwani Nolan ametunyima yaliyotangulia makusudi ili tusimzidi ujuzi. Kuna mahali Leonard anajikuta anakimbia, hajui kwa nini. Anamwona jamaa mwingine naye mbioni, anaamua kwamba yeye ndiye anayemfukuza, mpaka risasi inapompita. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Na mhudumu wa gesti alipokiri kwamba amempangisha vyumba viwili kwa kuwa hatakumbuka, shangazi akasema, "Huyo namjua, ni dalali."

Lipo toleo maalumu la DVD ambamo, ukiyapita mafumbo ya menyu, unakuta filamu hiyohiyo imepangwa toka mwanzo hadi mwisho. Mjomba hajui, na nawaombeni asijue. Ikinyooshwa hivyo, inabaki habari ya mtu anayedanganywa na kila amjuaye, naye mwenyewe akiwemo, na mjomba atataka kutusimulia yote.