Sifa za Shoka Lisilotoa Kuni

Kila kitu hapa Eastlands, Nairobi, kina msifu wake. Matatu namba 58 za Buruburu zina mashabiki kama timu ya mpira. Mutura wa Mutindwa una wateja walioapa kutohama. Hata vumbi la Kayole nimesikia likitetewa. Mchezo wa RuneScape peke yake ndio umebaki yatima, na kwa kuwa nimeukalia kuliko nilivyowahi kukalia dawati lolote la shule, naona deni hili ni langu. Mtanikumbusha kwamba asifuye mvua imemnyea. Imeninyea, tena miaka na miaka bila mwavuli. Ndiyo maana najua ladha ya maji yake.

Kwa asiyeujua: ndugu wawili wa Uingereza, Andrew na Paul Gower, waliufungua mnamo Januari 2001. Unapewa kijitu cha kuchorwa, unakituma kikate miti, kivue samaki, kichimbe madini, kioke mikate. Maelfu ya watu wako humo humo, kila mmoja akikata miti yake. Kwa kuwa mchezo wenyewe ulifunguka kwenye kivinjari cha kawaida, bila kununua sidii wala kumiliki kompyuta, ulifika hadi Umoja, katika saiba yenye mashine nane zilizochakaa na feni moja, shilingi moja kwa dakika. Nyaya za baharini hazikuwa zimefika Mombasa, zilikuja 2009. Kwa hiyo kijitu changu kilipiga hatua moja, kikasimama, kana kwamba kimekumbuka kitu nyumbani, kisha kikapiga nyingine. Nililipia hata kule kusimama.

Sifa ya kwanza ya mchezo huu ni kwamba ulinifundisha kazi. Mabomba ya mtaa yalipokauka na Mama akaanza kuitaita jina langu, mgongo wangu ulikuwa ukiuma ghafla. Mchezo uliniponya. Ndani yake nilijaza ndoo kisimani, nikabeba, nikarudi tena, na sikuwahi kuagizwa mara mbili.

Jumamosi moja Mama alinipa shilingi mia nikanunue unga, maziwa na yai. Saiba ilikuwa katikati ya nyumba na duka, na hilo si kosa langu, ni la aliyepanga mtaa. Sasa, miongoni mwa kazi za kwanza anazokutana nazo mgeni mchezoni ni ya mpishi wa kasri la Lumbridge. Bwana wake anaadhimisha siku ya kuzaliwa, keki haijaokwa, na mpishi amesahau vitu vitatu. Vitu gani? Unga, maziwa na yai. Nani angeipuuza ishara kama hiyo? Nikakamua ng'ombe. Nikaokota yai kwenye banda la kuku. Nikavuna ngano, nikapanda ngazi za kinu cha upepo, nikaimwaga juu, nikashuka kuukinga unga kwa chungu. Mpishi alinishukuru kwa moyo wote. Shilingi mia ikaisha, nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikitembea kama mtu aliyemaliza kazi.

"Unga uko wapi?"

Nikaeleza yote, hadi kinu. Mama alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilipaswa kunitia hofu.

"Huyo mpishi," akauliza, "amesema tukale kwake saa ngapi?"

Sifa ya pili ni haki, na hapa naomba mtu asicheke. Ukikata gogo la mti uitwao yew unalipwa pointi 175. Si 174. Gogo halikuulizi kabila, wala mjomba wako ni nani, wala kama umekuja na kitu kidogo cha chai. Nilipomaliza shule nilifanya kibarua mahali fulani Industrial Area: wiki mbili za kubeba magunia, malipo ya wiki moja, na ahadi. Jioni ile nilipofungua mchezo nikakata gogo, namba ikatokea palepale: 175. Nikakata jingine: 175. Kuna watu huhamia Ghuba kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Sifa ya tatu ni kumbukumbu. Wachezaji walipoulilia mchezo wa zamani, mwaka 2013 wenye mchezo waliurudisha kutoka katika nakala iliyohifadhiwa Agosti 2007, na watu wakaanza upya kutoka sifuri. Agosti 2007! Miezi minne kabla ya uchaguzi ule wa Kenya uliofuatwa na ghasia. Kwenye ule ulimwengu hakuna jirani aliyehama usiku na godoro kichwani. Miti ilikuwa pale pale, benki pale pale, na wageni wakisalimiana bila kutajana majina ya ukoo. Mwaka 2018 ukaingia kwenye simu, na jam ya Jogoo Road ikaacha kuwa jam. Ikawa msitu wenye viti. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020 na kila mtu akatakiwa awe ndani saa moja jioni, ploti nzima ililalamika isipokuwa mimi. Nilikuwa na miti ya kukata.

Na nilikata. Kilele cha ukataji miti ni kiwango cha 99, nami katika miezi hiyo nikafika 92. Niliwatangazia watu nyumbani. Shuleni kwetu aliyepata 92 alibebwa mabegani. Mimi niliambiwa nipunguze sauti, kuna habari.

Sifa ya nne ni hesabu, na ndiyo iliyonimaliza. Asubuhi moja maji yalikuwa yamekatika siku ya tatu, nikawa nimekaa kwenye ngazi za ploti nikimsubiri mzee wa mkokoteni. Nikaona nipige hesabu ya kilichobaki. Kiwango cha 99 kinadai pointi 13,034,431. Kile cha 92 kinadai 6,517,253. Nikagawanya, nikagawanya tena, nikadhani simu imekosea. 92 ni nusu. Yaani baada ya saiba, jam na kafyu, nilikuwa nimefika katikati ya daraja. Magogo yaliyobaki ni 37,000 na ushei, na begi hubeba 28 kwa safari moja, kwa hiyo nilibakisha safari kama 1,330 za benki. Nikifika, kuna joho la ushindi linalouzwa sarafu 99,000, nalo ni la wachezaji wanaolipia uanachama. Mimi nilicheza bure. Ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Mzee akafika, mitungi ikigongana. Akaichungulia simu yangu huku akijifuta jasho.

"Unafanya nini, kijana?"

"Nakata miti, mzee."

"Ya nani?"

"Haina mwenyewe."

"Na kuni unauza?"

"Hapana. Naziweka benki."

Alifikiria. Nadhani alikuwa akitafuta namna ya kunisaidia. "Benki gani hiyo inachukua kuni?"

"Edgeville."

"Iko upande gani? Hii ya Donholm?"

Nikamwambia iko mbali. Akauliza nikishaziweka zote nitafanya nini. Nikasema nitakuwa nimemaliza kuzikata. Akatikisa kichwa, si kwa dharau, bali kama fundi anayesikia taratibu za karakana ya mwenzake. "Mimi hii mitungi ikiisha naenda nyumbani," akasema. Akachukua miwili, akaanza kupanda kuelekea ghorofa ya nne.

Nikaitia simu mfukoni, nikaushika wa tatu. Lita 20 zina uzito ambao hakuna mchoraji aliyewahi kuuchora. Kwenye ghorofa ya pili kidole kilianza kufa ganzi, na nakiri kwamba nilisimama kidogo nikisubiri namba itokee pembeni ya macho yangu. Haikutokea. Mama alifungua mlango, akautazama mtungi, akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu kama kuna mwingine aliyeubeba.

"Mgongo umepona?" akauliza.

Sifa ya mwisho, basi, ni uvumilivu. Nilipozima mchezo siku ile begi lilikuwa na magogo 19. Yako humo hadi leo, hayaozi, hayaibwi, na hakuna anayenidai riba. Nafasi tisa ziko wazi.