Betri Tatu, Soketi Moja

Jumamosi iliyopita, saa nne usiku, MC akatangaza keki. Bwana harusi kashika kisu, bibi harusi kamshika mkono, mashangazi wamewasha simu zao. Mimi, mwenye kulipwa, nikabonyeza. Kamera ikanionyesha alama nyekundu ya betri, ikafumba jicho. Nikafungua kimlango cha chini niichomoe niirudishe, betri haitoki. Imevimba kama andazi, imekaba tundu. Nikaomba uma kwa wapishi. Keki ikakatwa, ikalishwa, ikagawiwa, mimi bado nachokonoa. Picha za keki ile kazipiga shangazi mtu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na zimetoka safi. Kamati imenikata robo ya malipo.

Nataka ieleweke kwamba mimi si mzembe. Betri ile nimeilea. Kwa miezi kumi na minne, kila nikitoka kazini naipachika kwenye chaja, inalala humo mpaka asubuhi, maana betri ni tumbo, acha lishibe. Imeshiba siku ambazo mimi mwenyewe nimelala na chai kavu.

Na kulea betri nyumbani kwetu si mchezo. Sebule ina soketi moja nzima, na ekstensheni yake ina foleni: televisheni, king'amuzi, simu nne, na pasi, ambayo yenyewe haipangi foleni. Chaja yangu ina kitaa cha rangi ya chungwa kinachokonyeza. Kikikonyeza mara moja, betri haijafika nusu. Mara mbili, imepita nusu. Mara tatu, imevuka robo tatu. Kikiwa kijani, imejaa. Nimekesha nikihesabu makonyezo hayo. Yakifika matatu tu, kuna mtoto anataka sare ipigwe pasi.

Halafu kuna washauri. Baba mkwe akija kututembelea, kabla hajapewa maji ameshaiona chaja. "Mwanangu, betri usiichaji mpaka ife kabisa. La sivyo inazoea." Mzee hakosei, ila amechelewa. Elimu yake ni ya betri za nikeli na kadimiamu, zile zilizokuwa na kumbukumbu kama mwenye duka uliyemkopa sukari. Hizi za kamera ni za ioni za lithiamu, aina ambayo Sony waliingiza sokoni 1991, na kuzikausha kabisa kila mara ndiko kunakoziumiza. Lakini utamwambiaje baba mkwe kwamba elimu yake imeisha chaji? Akiwepo, nilikuwa naikausha. Akiondoka, naishindilia.

Betri ya pili nilinunua mwenyewe, kwa akili zangu. Ya asili imeandikwa mAh 1,865. Hii, kwa theluthi ya bei, imeandikwa 2,800, na kiboksi ni kile kile. Nikatoka dukani natembea kwa madaha. Mtu akikuuzia kilo tatu za mchele ndani ya mfuko wa kilo mbili, usimshukuru, rudi ukapime. Ilinipigia picha za Bibi yangu na kuku wake, ikalala, haikuamka tena.

Jumatatu nikampelekea fundi ile iliyovimba. Kwanza akaangalia alama za uma. "Bro, ungeitoboa hii, ungechoma ukumbi." Kisha akanisomea mashitaka. Chaja inajua kuacha kulisha betri ikijaa, lakini betri kushinda imejaa siku nenda rudi, tena kwenye joto, ndiko kunakoizeesha. Ikijaa, itoe. Isiyotumika iache na chaji nusu, mahali penye ubaridi. "Na usiiache ndani ya gari." Nikanyamaza. Mkoba wangu wa kamera unaishi kiti cha nyuma, vioo juu, jua la Dar likiupika.

Kinachonichoma ni huyu John Goodenough, mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi ya betri hizi. Alipewa akiwa na miaka 97, akafariki 2023 akiwa na miaka 100. Mzee alikaa karne nzima; betri yake, mikononi mwangu, haikufikisha mwaka mmoja na nusu.

Ikabaki ya tatu, ambayo ilipotea mwaka jana. Nikapekua nyumba, nikawahoji watoto mmoja mmoja kama mpelelezi. Mama Zuhura akaniangalia, akainuka, akaenda kabatini, akachomoa kitu chini ya khanga zake.

"Siku ile ulichomoa pasi yangu ukachomeka hiki kidude. Nikakificha."

Nikaipachika kwenye kamera. Chaji nusu. Haijavimba, haijachuja, inang'aa kama ya dukani. Mwaka mzima gizani, kwenye ubaridi, bila mimi.

Nikamweleza yote aliyosema fundi. Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua pasi yake.

"Basi, Baba Zuhura, na hela ya harusi ijayo niletee nikutunzie."