Mtoto wa Kliniki Ana Ndevu

Jumanne iliyopita nilikwenda kliniki ya watoto. Sikumpeleka mtoto. Nilijipeleka mwenyewe, nikachanjwe. Cheka tu, jirani. Hata mimi ningecheka, ila mdomo ulikuwa ndani ya barakoa.

Benchi zima akina mama na vichanga. Mimi katikati, miaka 41, kapelo kichwani, bahasha mkononi. Mama mmoja akaniangalia kwa huruma. "Pole baba. Mama mtoto anaumwa?" Nikamwambia mzima, yuko nyumbani anaanika nguo. "Sasa mtoto yuko wapi?" Jamani, ningejibu nini? Nikajigusa kifua. "Ndo mimi." Akamhamishia wake paja la pili, lile la mbali.

Foleni ikasogea. Naona kila mtoto anavuliwa, anachomwa pajani, analia. Na mimi si mgeni wa utaratibu. Nikaanza kupandisha suruali mapema, nisimcheleweshe mtu. Muuguzi akaniona goti liko nje. "Kaka, shusha suruali yako. Wewe unachomwa begani." Benchi zima kimya. Hata vichanga viliacha kulia, vikatazama goti.

Unajiuliza imekuwaje. Na mimi nilijiuliza. Ni kwamba ukipandikizwa uboho, mwili unasahau chanjo za utotoni. Pepopunda, dondakoo, kifaduro, polio, vyote unaanza upya. Surua ndiyo kabisa, ile chanjo ina virusi hai, inangoja angalau miaka miwili. Kovu la BCG begani ninalo, lakini limebaki kama urembo tu.

Ngoja nirudi nyuma. Mimi nauza chips Tandika. Nikaanza kuchoka. Kumenya ndoo moja ya viazi napumzika mara tatu. Fizi zinatoa damu. Nikaenda zahanati moja ya mtaani, nikaambiwa nina malaria, taifodi na UTI. Vyote vitatu, kwa siku moja. Nikanywa dawa za vyote vitatu, uchovu upo palepale, sasa una na kichefuchefu. Nikabadilisha hospitali. Daktari akasema nipime picha kamili ya damu. Kesho yake nikaja nimevaa shati la kola, nimechana na nywele. Wakanitoboa mkono. Nikauliza, na picha tunapigia wapi?

Picha ikasema lukemia. Saratani ya damu. Daktari akaeleza vizuri, mimi nikaelewa kwa njia yangu. Ndani ya mifupa kuna uboho, ndilo jiko la damu. Jiko langu limeharibika, linatoa chembe nyeupe ambazo hazijaiva, tena kwa fujo, sahani imejaa chips mbichi mpaka mayai hayana pa kukaa. Dawa zitasafisha karai, lakini ili lisirudie, inabidi jiko lenyewe libadilishwe. Akaongeza historia, kwamba Mmarekani Donnall Thomas alihangaika na jambo hilo tangu miaka ya 1950, mpaka wakampa Nobeli mwaka 1990. Mimi nawaza jambo moja: nani atanunua mafuta kesho?

Likaja suala la mtu wa kunipa uboho. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana na wewe sawasawa. Tulipimwa. Kaka mkubwa, aliyekuwa ameshaanza kujisifu kwenye vikao vya michango, hakufanana. Wa pili hakufanana. Aliyefanana nukta kwa nukta ni mdogo wetu wa kike. Yule yule anayenidai laki na themanini tangu 2016, mtaji wa karai. Nikasema hapa nimekwisha.

Michango ikapigwa kama ya harusi, na kamati, na mweka hazina. Kiwanja changu cha Chanika kikauzwa. Tukaenda Chennai, India. Dada akachomwa sindano siku kadhaa ili chembe shina zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Mifupa inamuuma kama ana mafua ya mifupa, na kila ikimuuma ananitazama. Kisha akalazwa kwenye mashine saa kadhaa, damu inatoka mkono huu, inachujwa, inarudi mkono ule.

Mimi upande wangu nachomwa dawa za kuua jiko la zamani. Nywele zikaondoka. Mdomo ukawa kidonda kimoja, namung'unya barafu. Nangojea operesheni. Nimejiandaa kwa msumeno. Siku yenyewe, wanayoiita siku ya sifuri, muuguzi akaja na kimfuko kidogo chekundu, akakitundika kama dripu. Kikashuka kidogo kidogo, kikaisha. Nikangoja. Nikauliza operesheni saa ngapi. Akasema ndiyo hiyo imekwisha. Kiwanja chote cha Chanika kwa mfuko wa tomato sosi!

Halafu ni kusubiri. Kila asubuhi wanakuja na hesabu ya nyutrofili, askari wa damu. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Kama matokeo ya timu yangu. Siku ya 17 wakapita 500, na baada ya siku tatu hawajashuka, daktari akanipa mkono. Mkono wenye glovu, lakini mkono.

Basi sasa mimi damu yangu ni ya dada. Nilikuwa grupu O, naelekea kuwa A. Wakipima chembe za damu yangu wanakuta mwanamke. Nikidondosha damu mahali pa uhalifu, polisi watamkamata yeye. Nilipomwambia utani huo alijibu, "Kwanza lipa deni." Na chembe zake zina kumbukumbu ile ile. Wiki ya sita ngozi ikanitoka vipele, inawasha usiku kucha. Daktari akasema ni chembe za mgeni zinampiga mwenye nyumba. Nikamwambia daktari, hizo si za mgeni, hizo ni za mdai. Eti zikipiga kidogo ni heri, maana zinapiga na masalia ya saratani. Zikizidi ndipo balaa. Nikapewa vidonge vya kuzituliza.

Sasa nikuambie kilichonivusha. Ukitoka wodini unapanga karibu na hospitali mpaka siku ya 100 hivi. Nyumba yetu ilikuwa na roshani, jioni wagonjwa tunakaa, kila mtu kigoda chake mbali mbali, barakoa usoni. Siku ya kwanza kutoka, mtoto wa miaka tisa, mwenyeji wa Kilifi, aliyepandikizwa kwa ajili ya selimundu, akaniita, "Baba mdogo, karibu." Nikafurahi, kijana ana adabu. Akaniuliza, "Una siku ngapi?" Nikasema 31. "Mimi 88. Basi wewe ni mdogo." Ndipo nikaelewa lile jina. Kule umri unahesabiwa kuanzia ule mfuko. Mimi na upara wangu, dogo ananizidi siku 57.

Akaanza kunipima. "Siku ya kutoa damu, dawa unameza saa ngapi?" Nikasema saa mbili asubuhi, kama kawaida. Akajishika kichwa. "Baba mdogo! Mpaka watoe damu kwanza! Watajuaje kiasi kilichobaki?" Nilikuwa nimemeza wiki mbili mfululizo, na kila wiki daktari anashangaa vipimo vyangu kupaa. "Balungi?" Nikasema napenda. "Hapana! Linapandisha dawa." "Kachumbari?" Hapo nikanyamaza. Miaka 11 nimewalisha watu wa Tandika kachumbari, leo kachumbari imewekwa kundi moja na sumu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Tanga, miaka miwili tangu apandikizwe, amekuja kuangaliwa. Hakunipa pole. Alinipa orodha. "Mwanangu, kucha zitaota na mistari, usiogope. Chakula kitakuwa na ladha ya bati. Utamkasirikia mkeo bila sababu, kwa hiyo muombe msamaha sasa hivi, wa jumla." Nikapiga simu nyumbani usiku ule ule. Mke wangu akauliza, "Umefanya nini?"

Wiki iliyofuata kigoda kimoja kilibaki wazi. Hakuna aliyeuliza. Dogo alikisogeza kivulini, akarudi kukaa.

Nimerudi nyumbani, jirani, na huku ndiko kwenye kazi. Uso umevimba kwa vidonge, watu wananipongeza: "India imekupenda, umenenepa!" Nikikataa kushikana mikono, naringa. Nikilala mchana, nadeka, si nimeshapona? Kibandani siruhusiwi, vumbi na msongamano. Kijana wangu ndiye anayekaanga, na mke wangu, kwa nia njema kabisa, akanijulisha kwamba anauza kuliko mimi.

Mwezi uliopita nikajaribu kubeba ndoo ya maji uani. Nikaiweka chini. Nikajaribu tena. Nikakaa juu ya tofali nikalia, mtu mzima, kuku wa jirani wananitazama, na kuku wenyewe nimekatazwa kuwakaribia. Kaka akasema jikaze. Shemeji akasema mshukuru Mungu. Nikampigia mama wa Tanga. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ndoo ya lita ngapi?" Nikasema kumi. "Mimi mwezi wa saba ilinishinda ya lita tano. Umenipita." Nikafuta uso. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti mwenzangu yuko Tanga, ana simu.

Turudi kliniki. Nikachomwa. Kichanga cha jirani kilikuwa kimechomwa kabla yangu na kilishanyamaza. Mimi ndiyo kwanza naanza kuvuta makamasi. Mama yake akanipa kitambaa. Nikaandikiwa kadi, tarehe ya kurudi, kama wenzangu.

Jioni simu ikaita, namba ya Kenya. "Baba mdogo, umechanjwa?" Nimechanjwa. "Ulilia?" Nikakohoa kidogo. Mimi? Mwanamume mwenye ndevu? Akanyamaza. Halafu akasema, "Mimi nililia."

"Na mimi kidogo," nikasema.

"Si neno. Ya pili si kama ya kwanza."

Nikashusha pumzi. "Haiumi eeh?"

"Yauma zaidi, baba mdogo. Lakini utakuwa umekua."