Kabla Hujauliza Bei, Omba Kuona Banda

Mama mkwe alipotangaza kwamba anarudi Tanga, nyumba yetu ya Tabata ilipata msukosuko. Yeye ndiye aliyekuwa akimlea binti yetu tangu likizo yangu ya uzazi ilipokwisha, zile siku 84 ambazo sheria ya ajira humpa mama aliyejifungua mtoto mmoja. Dada wa kazi naye alishaondoka, amekwenda kwao Singida kuolewa. Na binti alikuwa amefika umri ule ambao miguu imetangulia akili: anachokiona anakifuata, na akikipata anakitia mdomoni.

Tulitafuta mlezi kama watu wa mjini wanavyotafuta. Tuliuliza gengeni, tukauliza kwenye kikoba, tukamuuliza mjumbe. Vituo vya kulelea watoto mchana vinatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lakini kile cha karibu nasi kilikuwa hakipokei mtoto ambaye bado anavaa nepi. Tukabaki na akina mama wanaolea watoto wa majirani nyumbani kwao, na karibu kila nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa na mnyama.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Mama mkwe ni mtu wa pwani, na kwa mafundisho aliyolelewa nayo, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Paka hana neno naye. Paka kwake ni mwenyeji, hulala juu ya mkeka na hakuna wa kumfukuza. Baba yangu mzazi, aliyefuga ng'ombe na mbwa Njombe maisha yake yote, alipiga simu kuteta upande wa pili. Alisema mtoto aliyekulia zizini hapati mafua ya ovyo. Hakuwa akisema jambo la kubuni: watafiti wa Ujerumani, Uswisi na Austria wameona kwamba watoto waliokulia kwenye mashamba yenye mifugo wana pumu na mzio kwa uchache kuliko wenzao. Baba mtoto yeye aliuliza bei na umbali.

Mimi niliona kwamba wote wanauliza swali la nusu. Kujua kama mlezi ana mnyama hakutoshi. Linalotakiwa ni kujua mnyama huyo analala wapi, anakula wapi, anajisaidia wapi, na nani anamwangalia saa ambazo watoto wako macho. Mwenye majibu hayo mkononi, hata swali la mtoto amekula nini saa nne atakuwa na jibu lake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na kibao cha "Mbwa Mkali" getini. Mbwa mwenyewe alifungwa mnyororo mfupi kando ya bomba la nje, bomba lile lile ambalo watoto walikuwa wakinawia. Nilipoomba kadi ya chanjo nikajibiwa kwamba mbwa huyo ni mzima, hajawahi kuugua. Tuliaga. Nyumba ya pili ilikuwa na tumbili, kafungwa kamba kiunoni chini ya mwembe, na watoto wanamrushia maganda ya ndizi. Tumbili ni mnyamapori. Kumfuga bila kibali ni kosa kisheria, na meno yake ni makali kuliko uso wake unavyoonyesha. Hapo hatukukaa hata kungoja chai.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mtu mzima aliyewahi kuwa mpishi wa shule ya bweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, lakini usikae kwanza. Njoo nyuma huku."

Alinionyesha banda kabla ya sebule. Mbwa alikuwa ndani ya uzio wa wavu wenye komeo la juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na bakuli lake la maji lilikuwa humo humo. Hutolewa usiku tu, baada ya mtoto wa mwisho kuchukuliwa. Kuku walikuwa na uwanja wao uliozungushiwa mabanzi. Kando ya ukuta palikuwa na rundo la mchanga wa ujenzi, lile ambalo kila nyumba ya Dar es Salaam isiyokwisha kujengwa inalo. Lilikuwa limefunikwa turubai, na turubai limekandamizwa kwa matofali pande zote nne.

"Paka wa mtaa mzima wanalijua rundo hili," alisema. "Nikiliacha wazi, wao watalifanya choo na watoto watalifanya jiko. Minyoo ya paka na mbwa inakaa humo humo mchangani."

Mlangoni palining'inia kibuyu chirizi na kipande cha sabuni ndani ya wavu wa vitunguu. Hakuna mtoto aliyeingia kula bila kukipitia. Kisha akatoa bahasha ya kaki, na ndani yake kadi ya mbwa: chanjo ya kichaa cha mbwa, tarehe, muhuri wa daktari wa mifugo, tarehe ya kurudia. Ilihifadhiwa pamoja na kadi za kliniki za watoto anaowalea. Baada ya kuona hayo ndipo nikauliza bei.

Mama mkwe naye alikwenda kukagua mwenyewe kabla ya safari. Aliuliza vyombo vya mbwa vinaoshewa wapi, akaonyeshwa ndoo na karai visivyoingia jikoni. Akamwona paka wa nyumba, jike la kijivu, amejikunja dirishani. Akatoa idhini yake pale pale, akapanda basi la Tanga moyo wake umetulia.

Maisha na wanyama yana vituko vyake hata kwa mtu makini. Cha kwanza kilikuwa cha tetea aliyetotoa. Binti alipenyeza mkono kwenye mabanzi kumshika kifaranga, na tetea akamrukia kwa mbawa na mdomo. Alidonolewa kidogo kwenye kiganja, akapiga ukelele uliosikika hadi mtaa wa pili. Jioni nilikuta mabanzi yamezibwa kwa wavu mwembamba kutoka chini hadi usawa wa kiuno, na mlezi akanieleza jambo lote kabla sijaliona jeraha. Akasema pia ameuosha mkono kwa sabuni, kwa sababu kinyesi cha kuku kina vijidudu vya salmonela vinavyowasumbua zaidi watoto walio chini ya miaka mitano.

Cha pili kilitoka kwa yule paka mpendwa. Kiduara chekundu kilitokea shavuni kwa binti, kikapanuka, kingo zikainuka na katikati pakapauka. Mara kikaonekana shingoni kwa baba mtoto, anayembeba mabegani kila jioni. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea na kulala na mjukuu kitanda kimoja. Akarudi Tanga na kiduara chake mkononi. Ni choa. Fangasi wake huishi kwenye manyoya, na paka anaweza kumbeba bila kuonyesha dalili yoyote. Mashuka yote yalianikwa juani, mito na taulo vikafuliwa kwa maji ya moto, na tube ya dawa ikazunguka nyumba nzima asubuhi na jioni. Mlezi alimpeleka paka kwa daktari wa mifugo, akampangia chumba cha stoo mpaka atakapopona, na akawaita wazazi wote kuwaambia waangalie vichwa vya watoto wao. Alijua kwamba choa cha ngozini hutibika kwa dawa ya kupaka, lakini mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza.

"Mbwa mliyemwogopa yuko bandani hana hatia," mama mkwe aliniambia kwenye simu. "Kumbe mwenye kesi ni swahiba wangu."

Cha tatu ndicho kilichonikausha mate. Kijana aliyeleta madumu ya maji aliacha geti wazi, na mtoto wa mbwa wa jirani akaingia. Alikuwa mdogo, mnene, mkia unapepea, watoto wakamkimbilia. Kabla mlezi hajamfikia, binti alikuwa amemvuta sikio, na yule akamgeukia kwa meno. Kidoleni palibaki mchubuko mwembamba. Damu haikutoka.

Simu yangu iliita nikiwa ofisini. "Mwanangu, mtoto wa mbwa wa jirani amemparuza binti kwa jino. Hana chanjo. Nimeshamweka chini ya bomba na sabuni, na sitamtoa mpaka dakika kumi na tano zitimie. Njoo tumpeleke hospitali."

Dakika hizo kumi na tano ni maelekezo ya Shirika la Afya Duniani. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri kwa mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na sabuni na maji yanayotiririka huondoa na kuua vingi kabla havijaanza safari. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Makadirio ni vifo 59,000 kwa mwaka duniani, vingi mno Afrika na Asia, na takriban 40 kati ya kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Hata hivyo kinga ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwaka 1885. Anayekufa leo, mara nyingi ni yule ambaye hakufikishwa, au alifikishwa amechelewa.

Nilifika kwa bodaboda. Zahanati ya kwanza ilitutazama, ikautazama mchubuko, ikasema tumpake spiriti twende nyumbani, mbwa mwenyewe ni mdogo. Mlezi alivuta kiti akaketi.

"Mtoto wa mbwa anaambukiza kama mama yake," alisema kwa upole. "Tuandikieni rufaa, wanangu. Hatuondoki bila chanjo au barua."

Barua iliandikwa. Hospitali kubwa ilikuwa na chanjo, binti akachomwa sindano ya kwanza siku ile ile na kupewa ratiba ya zinazofuata. Mtoto wa mbwa akawekwa chini ya uangalizi, kwa kuwa mbwa au paka anayebaki mzima kwa siku 10 baada ya kung'ata hakuwa na virusi mateni wakati ule. Alibaki mzima. Daktari alipothibitisha ndipo tukaruhusiwa kusitisha sindano, na mimi nikalala usingizi wa kweli.

Baada ya hapo ndugu walinishauri nimtoe binti. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Mlezi asiyepatwa na tukio hayupo, awe na mnyama au asiwe naye. Niliyempata mimi ana kadi kwenye bahasha, hufunika mchanga, hupiga simu kabla ya kutafuta maneno ya kujitetea, na huketi kwenye benchi la zahanati mpaka mtoto asiye wake atendewe haki. Sifa hizo sikuzikuta kwenye nyumba zile nyingine tulizoziona.

Nilizungumza naye kuhusu geti, akaweka bawaba inayolifunga lenyewe. Tukazungumza pia kuhusu mtaa, kwa kuwa mbwa wake mmoja aliyechanjwa hawezi kuwalinda watoto dhidi ya mbwa wa jirani ambao hawakuchanjwa. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 kati ya kila 100 katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Pemba wameonyesha kwamba inawezekana: uchanjaji wa mbwa ulikifuta kichaa cha mbwa kisiwani, na kiliporudi kikafutwa tena kwa njia hiyo hiyo. Wazazi tunaopeleka watoto kwa mama yule tukachanga, mjumbe akatangaza, na daktari wa mifugo akaweka meza chini ya mwarobaini mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mbwa waliletwa kwa kamba za manila, kwa mikanda, wengine mikononi. Mtoto wa mbwa wa jirani alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na bwana wake akaondoka na kadi. Tumekubaliana kurudia kila mwaka, karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na nyumba yoyote itakayopokea watoto mtaani kwetu itaonyesha kadi ya mnyama wake kabla ya kutaja bei.