Namna ya Kulipima Bonde la Ziwa Albert Ukiwa Umeketi

Tafuta kwanza kiti chenye mgongo imara, maana kazi hii haitaki buti, kofia ya pama wala chandarua. Edward Bullard wa Cambridge hakuipata raha hiyo. Katika miaka ya 1930 alikuja Afrika Mashariki na pendulumu zake, akawa anazifunga na kuzifungua kituo baada ya kituo, akisubiri zibembee vya kutosha ili ajue ardhi inavuta kwa nguvu gani pale aliposimama. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1936, na wanajiofizikia wanayataja hadi leo. Wewe utafungua terminali, utaandika mstari mmoja, na kabla chai haijapoa utakuwa na ramani nzima yenye rangi nyekundu na buluu. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ramani iliyokuja kirahisi huaminiwa kirahisi.

Bonde letu la mafunzo ni la Ziwa Albert, mpakani mwa Uganda na Kongo. Ni refu na jembamba, limezama katikati ya miamba migumu ya kale, na limejaa mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Mafuta yaliyomo humo ndiyo yaliyojengewa mradi wa bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga. Mchanga na udongo uliotuama ziwani ni mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka, kwa hiyo mvutano juu ya bonde hupungua. Hupungua kidogo mno: dunia hutuvuta kwa karibu miligali 980,000, na bonde la namna hii hupunguza makumi ya miligali tu. Upungufu huo ndio anomali, na kazi yako ni kuukokotoa kutokana na umbo unaloliwazia chini ya ardhi.

Programu ni GMT, iliyoanzishwa na Paul Wessel na Walter Smith mwishoni mwa miaka ya 1980. Haiuzwi, na unaweza kuipakua hata kwa bando la wiki. Ndani yake mna amri iitwayo talwani3d, iliyopewa jina la Manik Talwani, ambaye mwaka 1960 yeye na Maurice Ewing walichapisha njia ya kukokotoa mvutano wa umbo lolote lenye pande tatu. Wazo lao ni rahisi kiasi cha kukufanya ujiulize kwa nini hukuliwaza wewe. Unalikata umbo lako kwa mlalo kama mkate wa boflo. Ukingo wa kila kipande unauchora kwa poligoni. Mvutano wa karatasi nyembamba yenye umbo la poligoni una kanuni kamili, kwa hiyo kompyuta inaupata bila kubahatisha. Kisha inajumlisha kutoka kipande cha juu hadi cha chini. Makosa ya hesabu huingia mahali pawili tu: pembe za poligoni zikiwa chache, na vipande vikiwa vichache.

Sasa andika faili. Kila kontua, yaani ukingo wa kipande kimoja, inaanza na mstari wenye alama ya >, kisha kina chake, kisha tofauti ya densiti. Chini yake zinafuata jozi za x na y. Hakuna kingine.

> 2500 -370
310000 175000
318000 182000

na kuendelea mpaka uzunguke bonde lote. Namba hizo za x na y ni mita za makadirio ya UTM, kanda ya 36 kaskazini, ambamo Ziwa Albert limo. Ukizoea kuandika kila kitu kwa amri ya echo, weka alama za kunukuu. Ukiandika echo > 2500 -370 bila kunukuu, terminali haitalalamika hata kidogo. Itakuundia faili jipya liitwalo 2500, ndani yake iweke -370, na faili lako la kontua libaki bila kichwa. Terminali ni mtumishi mtiifu kupita kiasi: inafanya ulichosema, na ulichokusudia haikijui.

Hiyo -370 imetoka wapi? Hili ndilo swali ambalo watu huliruka, ilhali ndilo kazi yenyewe. Nimechukua mwamba wa msingi kuwa kilogramu 2,670 kwa mita ya ujazo, thamani inayotumika duniani kote katika masahihisho ya Bouguer, yale yanayoondoa mvutano wa mwamba ulio kati ya kituo na usawa wa bahari, na mashapo kuwa 2,300. Ukitoa, unapata hasi 370. Alama ya hasi si pambo. Ukiisahau, programu itakuchorea mlima wa mvutano mahali penye shimo, na rangi zitapendeza vilevile. Tena mashapo hujikaza kadiri yanavyofukiwa, kwa hiyo kontua ya kina cha kilomita nne haistahili tofauti ileile ya kontua ya mita mia tano. Mstari wa kichwa unakuruhusu kuipa kila kontua densiti yake. Tumia ruhusa hiyo. Anayeweka namba moja kwa bonde zima kwa chaguo la -D anaweza kuwa na sababu nzuri, lakini aitamke.

Kabla ya kugusa ziwa, ipime programu kwa kitu unachojua jibu lake. Tengeneza tufe lenye nusu-kipenyo cha mita 1,000, kitovu chake kina cha mita 3,000, tofauti ya densiti 300. Kwa kalamu na karatasi, mvutano juu ya kitovu ni miligali 0.93, na unapungua hadi nusu ukienda kando kilomita 2.3. Kata tufe kila mita 100: kwenye kina cha 2,500 duara lina nusu-kipenyo cha mita 866, kwenye 3,000 lina 1,000, na kadhalika. Kileleni na chini kabisa usiandike duara la sifuri, weka dogo la mita chache. Kisha:

gmt talwani3d tufe.txt -R-10000/10000/-10000/10000 -I500 -Ff -Gtufe.nc

Halafu gmt grdinfo tufe.nc, utazame thamani ya juu kabisa. Ikikaribia 0.93, endelea. Ikiwa na hasi mbele, mwelekeo wa kina umekupotea: programu huhesabu kina kuwa chanya kwenda chini, na chaguo la -A hugeuza hilo. Ikiwa na sifuri nyingi kupita kiasi au chache kupita kiasi, umechanganya mita na kilomita. Programu hutarajia mita, na ukitaka kilomita kwa umbali wa mlalo unaiambia kwa -Mh.

Jaribu pia kuchora duara kwa pembe 12 badala ya 36. Poligoni ya pembe 36 iliyo ndani ya duara ina eneo pungufu kwa nusu asilimia tu. Ya pembe 12 imepungukiwa na asilimia nne na nusu, na mvutano wako utapungua kwa kiasi hichohicho. Fanya jaribio hili kwa mikono yako, kwa sababu ukishaona namba ikishuka mbele ya macho yako hutachora tena ufuko wa ziwa kwa nukta kumi za haraka.

Sasa rudi Albert. Amua sifuri ya kina iko wapi, na uiandike juu ya faili. Uso wa ziwa uko karibu mita 619 juu ya usawa wa bahari. Mtu mmoja akipima kina kutoka majini na mwenzake kutoka baharini, tayari mna mabonde mawili. Vituo vya kupimia navyo haviko usawa mmoja. Ufuko wa Butiaba uko karibu na maji, lakini ukipanda ukingo wa bonde upande wa Uganda uko mamia ya mita juu, na upande wa Kongo milima inapanda zaidi. Kwa hiyo usikokotoe kila kitu kwenye uso wa ziwa kisha ulinganishe na kipimo kilichofanyika juu ya ukingo. Chaguo la -N linapokea faili la vituo vyako, safu ya tatu ikiwa na urefu wa kila kituo. Mwelekeo wa urefu huo ufanane na mwelekeo wa kina ulioutumia kwenye kontua.

Mkaguzi wako wa karibu ni bamba lisilo na mwisho, yaani tabaka bapa la kuwaziwa linaloenea pande zote bila kikomo. Kila kilomita ya unene yenye tofauti ya densiti ya 1,000 hutoa miligali 41.9. Mashapo ya kilomita 4 yenye hasi 370 yatatoa basi hasi 62, na bonde lenye upana wenye kikomo lazima litoe pungufu ya hapo. Programu ikikuletea hasi 90, usiivae suti ukaenda kwenye semina, rudi kwenye faili. Bamba hilohilo litakusaidia kuamua la kupuuza na lisilopuuzika. Ziwa Albert halina kina kirefu, lakini maji ya mita 50 badala ya mwamba ni hasi 3.5 za miligali. Uliyekuwa ukibishana na mwenzako juu ya miligali moja, je, umeyahesabu maji?

Umemaliza hesabu, ramani iko tayari, nawe unataka kulitangazia taifa kwamba bonde lina kina cha kilomita 4. Ngoja. Rudi kwenye tufe lako. Lipanue hadi nusu-kipenyo cha mita 2,000, kitovu palepale, densiti uipunguze hadi 37.5. Endesha amri. Utapata ramani ileile, miligali 0.93 zilezile, kila nukta ya gridi. Si kwamba zinakaribiana. Matufe mawili yenye uzito sawa na kitovu kimoja hayatofautiki kabisa kwa mvutano wa nje, ingawa mgongo wa moja uko kilomita mbili chini na wa jingine kilomita moja. Mtu aliyechimba kisima kwa kuiamini ramani angekosea kilomita nzima, na programu isingekuwa na kosa lolote.

Bullard mwenyewe ni ushahidi. Alipima kwa uangalifu, na upungufu wa mvutano alioukuta kwenye Bonde la Ufa upo kweli. Lakini E. J. Wayland, mwanajiolojia wa Uganda wakati huo, alikuwa ameshalieleza bonde la Albert kuwa limebanwa kutoka pande zote mbili, na Bullard aliona upungufu huo unaunga mkono kubanwa: sakafu imekandamizwa na kuta zake isipate kuinuka. Leo tunajua Bonde la Ufa linapanuka. Mashapo mepesi na joto lililo chini ya bara yanaeleza upungufu bila kumhitaji mtu wa kuibana ardhi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma ya mvutano ni rahisi kuvuta, maana inaitika kila upande.

Kwa hiyo usiulize mvutano pekee. Karibu na Butiaba, mwaka 1938, kilichimbwa kisima cha Waki, kikashuka zaidi ya mita 1,200. Kina kinachojulikana kutoka kisima kimoja kinazifuta kontua elfu moja za kuwaziwa. Mitetemo ya kutafutia mafuta huonyesha umbo la sakafu, na sampuli za mwamba zilizopimwa maabara hutoa densiti isiyo ya kubuni. Pia ondoa kwanza upungufu mpana wa nyanda zote za juu za Afrika Mashariki, unaotoka chini kabisa kuliko bonde lako. Usipouondoa, utalichimba bonde hadi kwenye vazi la dunia ili namba zilingane. Baada ya hapo ndipo talwani3d inakuwa chombo cha maana kweli: inakuambia upesi ni maumbo yapi hayawezekani. Kulikataa umbo kwa uhakika ni matokeo halali ya kisayansi, na watu wengi wanaona haya kuyaandika.

Ukimaliza, usimtumie mwenzako picha tupu. Mtumie faili la kontua, mstari wa amri kama ulivyouandika, sifuri ya kina, na chanzo cha kila densiti, ili aweze kuibadilisha -370 yako iwe -300 na kuona mwenyewe bonde linazama kiasi gani.