Kidole cha Bibi

Mwezi wa kumi huku Mgololo ni mwezi wa vumbi na wasiwasi. Mvua hazijafika, kila mwenye mipaina yake analala roho juu kwa ajili ya moto, na nyumba yenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita hukaa na simu mkononi, kwa sababu ndio msimu majina ya mikopo ya chuo yanapotoka. Kwetu tulikuwa tunasubiri wote: binti yetu wa kwanza, mama yake, mimi, na mama yangu mzazi. Bibi hajui Bodi ya Mikopo ni kitu gani, lakini kila asubuhi tukishasalimiana "kamwene" alikuwa akiuliza kama watu wa serikali wameshamjibu mjukuu wake.

Wiki mbili kabla nilikuwa nimeuza miti. Kipande cha shamba nilichokipanda binti huyu akiwa darasa la kwanza, mnunuzi alikikata chote, akapakia magogo, akanilipa kwa simu shilingi 1,850,000. Niliiacha pesa humohumo. Kwenda Mafinga benki ni siku nzima na nauli, na hela yenyewe ilikuwa na kazi yake tayari: godoro, sanduku, nauli ya chuoni, na chochote ambacho mkopo usingefikia. Simu hiyo ndiyo yenye barua pepe ya binti, kwa hiyo nikiingia zamu kiwandani namwachia.

Ijumaa saa nane mchana ikaingia barua. Jina la aliyeituma: Bodi ya Mikopo. Nembo ipo, rangi ipo, Kiswahili chake kimenyooka. "Mpendwa Mwombaji, umepangiwa mkopo awamu ya kwanza. Thibitisha taarifa zako ndani ya saa 6, la sivyo nafasi yako atapewa mwingine." Chini kuna kitufe cha kijani: bonyeza hapa.

Akabonyeza. Nani asingebonyeza? Mtoto amekaa miezi mitatu akiangalia kioo kilekile. Ukurasa ukafunguka, ukamwomba namba ya mtihani wa kidato cha nne, akajaza. Ukaomba namba ya simu ya kupokelea pesa, akajaza yangu. Ukaomba namba ya siri "kwa ajili ya kuunganisha malipo", akajaza, maana anaijua, ndiye anayeninunulia umeme. Haikupita dakika tano simu ikaita. Kaka mmoja mpole, anamwita mdogo wangu, anampongeza. Akamwambia kuna tarakimu sita zimeingia kwenye ujumbe, amsomee ili wamalizie. Akamsomea.

Hizo sita ndizo zilikuwa mlango. Kwa namba yangu, namba ya siri na zile tarakimu, yule mtu akaifungua akaunti yangu ya pesa kwenye simu yake mwenyewe, huko alikokuwa. Ikatoka 950,000. Kisha ikatoka 850,000. Jumbe mbili, moja nyuma ya nyingine, na mtoto amesimama jikoni anazisoma.

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo, na ndipo panaponiuma mpaka leo. Binti hakusema. Mama yake alikuwa shambani, bibi alikuwa barazani anachambua maharage, umbali wa hatua kumi. Hakusema. Alichukua ndoo akaenda bombani, akarudi. Akasugua sufuria la ugali. Akalisugua tena. Bibi ndiye aliyeona: sufuria linang'aa kama jipya na mjukuu bado analikwangua kwa majani makavu, machozi yanadondokea humo ndani. Akamuuliza kuna nini. Akajibiwa moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Nilirudi saa kumi na mbili jioni. Bibi akanisubiri mlangoni, akaniambia kwa Kihehe nisipandishe sauti kwa lolote nitakaloambiwa ndani. Sikumwelewa, lakini nilimtii, na namshukuru Mungu kwa hilo. Binti alipiga magoti, akanipa simu kwa mikono miwili.

Nikapiga 100 palepale, huduma kwa wateja ya mtandao wangu. Wakafunga akaunti, wakafuatilia. Ile 850,000 ilikuwa bado imekaa kwenye laini iliyoipokea, wakaizuia, na siku ya tisa ikarudi. Ile 950,000 ilikuwa imetolewa kwa wakala saa kumi kasoro dakika kumi. Nilihesabu zaidi ya mara moja: tangu pesa iondoke hadi itolewe ilipita saa nzima na zaidi. Saa nzima mtoto alikuwa bombani na sufuriani akiniogopa mimi. Tapeli hakupanga hilo, lakini alilitumia. Hofu ya baba ilimlindia mzigo wake.

Polisi walituandikia RB, na ofisa mmoja akatueleza kwa upole kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu mtu wa namna hii, kwamba kudanganya kwa kompyuta na kujifanya mtu mwingine ni makosa yanayojitegemea. Tukarudi na karatasi.

Jumapili baada ya kanisa tukakaa mezani wote wanne na ile barua. Nilitaka tuione sura yake vizuri, kama mtu anavyomwangalia nyoka aliyekwisha kufa. Binti akagusa lile jina "Bodi ya Mikopo", na nyuma yake ikatokea anwani ya kawaida kabisa, ya kufungua bure, yenye herufi na namba zisizo na maana. Tukaangalia anwani ya ule ukurasa. Mwanzoni kulikuwa na herufi za bodi, zikafuata "go" na "tz", jicho likaridhika. Lakini palipotakiwa nukta waliweka vistari, na mwisho, kabla ya mkwaju, paliandikwa "com". Ofisi za serikali yetu zinaishia na go.tz, na baada ya tz hakuna neno jingine mpaka mkwaju. Kumbe anwani husomwa kama jina la ukoo: la mwisho ndilo linalokwambia huyu ni wa nani. Mke wangu, ambaye ameishia darasa la saba, ndiye aliyeuliza swali kubwa kuliko yote: "Bodi ina jina lake tangu alipoomba. Kwa nini imwite Mwombaji?"

Kisha bibi akauliza lake. Kama kila laini inasajiliwa kwa kidole, huyu kaka mpole alisajili kwa kidole cha nani?

Sikuwa na jibu. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 20, 2020, tukaamini mambo yamekwisha. Nikaomba simu ndogo ya bibi, nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilitokea tatu. Bibi ana laini moja.

Alinyamaza muda mrefu, halafu akanyoosha kidole gumba cha kulia. Kidole cha mtu aliyeshika jembe miaka sitini hakina mistari, ni laini kama kokoto la mtoni. Akakumbuka kijana aliyepita mtaani na mwavuli na kile kimashine, akamwambia, "Bibi, hakijasoma, weka tena." Akaweka. "Weka tena." Akaweka mara tatu, akashukuru, akampa na ndizi.

Sikuwahi kumwona mama yangu ana aibu namna ile. Alihisi kama yeye ndiye aliyemwibia mjukuu wake. Binti akahamia upande wake wa benchi, akakishika kile kidole, akakaa nacho. Kesho yake tulikwenda dukani kwa mtandao wake tukazifuta zile mbili, na ile namba iliyompigia binti tukaituma 15040, ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inayopokea namba za matapeli.

Majina ya kweli ya mikopo yalitoka baadaye, na la binti lilikuwemo. Aliingia kwenye akaunti yake mwenyewe kwa kuandika anwani herufi kwa herufi, mama yake akifuatisha kwa kidole.

Mwezi Machi, mvua ikinyesha, nilikuwa najiandaa kumtumia binti hela ya matumizi chuoni, ujumbe ukaingia: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina shida." Nilimpigia, hakupokea. Nikangoja mpaka usiku alipotoka darasani. "Baba, mimi sijatuma kitu," akasema, kisha akaniambia, bila kuulizwa, kwamba wiki hiyo amepokea barua mbili za ajabu, na nani kazituma, na kwamba moja alikaribia kuifungua. Tuliongea mpaka salio likaisha.

Wiki iliyofuata kijana mwingine wa laini alisimama uani kwetu, na mwavuli wake. Anatoa laini bure. Bibi alimkaribisha vizuri, akampa kigoda, akamuuliza habari za kwao. Mikono yote miwili alikuwa ameificha ndani ya kanga.